Siku Moja Padova: Kuifuata Njia ya Deni kutoka kwa Giotto hadi kwa Mtakatifu Antoni

Wakatoliki wengi wa kwetu wamelijua jina la mji huu tangu utotoni bila kufikiri kwamba una tramu, soko na chuo kikuu. Ni ile "Padua" ya Mtakatifu Antoni, anayeombwa funguo zikipotea. Waitaliano wenyewe huuita Padova. Kama tayari uko Italia, iwe kwa hija, kwa masomo au umekuja kumtembelea ndugu, ni kama nusu saa tu kwa treni kutoka Venezia, na siku moja inatosha ukiipanga vizuri.

Ratiba nyingi za watalii zinakupa majengo kumi na tano ya kukimbizana nayo. Mimi nakushauri ushike uzi mmoja: fedha za kukopeshana. Miaka ya 1200 na 1300 riba iliwatajirisha baadhi ya watu wa Padova na kuwafilisi majirani zao. Mtoto wa mla riba akajenga kikanisa na kumwita mchoraji Giotto akipake rangi. Jumba la mahakama likawekewa jiwe la kuwakalisha wadaiwa walioshindwa kulipa. Mtawa mmoja mzaliwa wa Lisbon akahubiri mpaka sheria ya madeni ikabadilishwa. Msomaji anayejua jinsi mikopo ya kausha damu inavyobomoa nyumba za watu mtaani kwetu ataielewa michoro hii haraka kuliko mtalii mwingine yeyote, na ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu kwa Kiswahili.

Hatua ya 1: Chagua siku, kisha kata tiketi ya kikanisa kabla ya kitu kingine chochote

Epuka Jumatatu, kwa sababu makumbusho na lile jumba la mahakama hufungwa siku hiyo. Jumapili nayo soko la matunda halipo. Basi bora iwe kati ya Jumanne na Jumamosi. Tarehe 13 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni. Ukienda kuhiji ni siku tukufu, ila ukienda kutazama sanaa utasukumwa na umati tangu asubuhi.

Kikanisa cha Scrovegni, ambacho Giotto alikichora, huingiwa kwa zamu. Kila zamu ni watu wachache, wapatao 25, na saa ya kuingia imeandikwa kwenye tiketi. Ingia kwenye tovuti rasmi ya kikanisa na ukate tiketi wiki mbili tatu kabla, na mapema zaidi kama unakwenda majira ya kuchipua au kiangazi. Bei ni kama euro 15, na tiketi hiyo hiyo inakuingiza kwenye makumbusho ya Eremitani yaliyo pembeni. Ipo pia kadi ya watalii ya mji inayojumuisha tramu na majumba kadhaa, lakini hata ukiwa nayo bado unalazimika kuhifadhi saa ya kuingia kikanisani. Chagua zamu ya asubuhi, kati ya saa tatu na saa nne na nusu, ili siku iliyobaki uipange kuanzia hapo.

Kuhusu saa, naomba tuelewane vizuri. Italia wanahesabu kuanzia usiku wa manane. 9:15 kwenye tiketi ni saa tatu na robo asubuhi. 15:15 ndiyo saa tisa na robo alasiri. Mara ya kwanza tulikosa zamu yetu kwa jambo hili. Nilimwambia mdogo wangu kwa simu, "Tunaingia tisa na robo," nikiisoma tiketi kama ilivyoandikwa. Alikuwa ametoka Tanga siku nne tu zilizopita, akaelewa kama mtu yeyote wa kwetu angeelewa, akaenda kununua viatu Mestre. Saa tatu asubuhi niko mlangoni peke yangu, nampigia: "Uko wapi?" Akanijibu kwa sauti ya mtu ambaye hana kosa, na kweli hakuwa nalo: "Kaka, si umesema tisa?" Zamu ikipita imepita, hela hairudi. Mkiwa kundi, andikianeni ujumbe wenye neno "asubuhi" au "alasiri" ndani yake.

Hatua ya 2: Fika kwa treni, na gonga tiketi

Treni za mkoa kutoka Venezia hupita mara kwa mara mchana kutwa na nauli yake haifiki euro kumi. Hizi za mwendo wa kawaida hazina kiti maalumu, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia ile ya kasi kwa safari fupi hivyo. Kutoka Bologna ni kama saa moja, Milano kama saa mbili, Roma ni saa tatu na zaidi kwa treni ya kasi.

Ukinunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye kimashine kilichopo jukwaani kabla ya kupanda. Tiketi isiyogongwa inahesabika kama hujalipa, na mkaguzi anaweza kukutoza faini hata ukimwonyesha risiti. Ukinunua kwa simu, soma maelekezo ya kuithibitisha siku ya safari.

Ukitoka stesheni, usipande chochote. Nyoosha barabara kubwa ya Corso del Popolo inayoelekea mjini, vuka mfereji, na baada ya mwendo wa dakika kumi hivi utaona bustani upande wa kushoto yenye mabaki ya ukuta wa mviringo. Huo ni uwanja wa michezo wa Warumi wa kale, na kikanisa kimejengwa ndani yake. Fika nusu saa kabla ya zamu yako. Mabegi hayaingii, yanaachwa mapokezi.

Mkobani weka chupa ya maji, viatu viwe vya kutembelea mawe, na kwa dada na mama zangu, tieni kanga moja. Mchana wa Julai kule ni joto la kukamuliwa, mtavaa nguo nyepesi, na baadaye Basilika inataka mabega na magoti yafunikwe. Kanga ni nyepesi kuliko koti na utajifunga dakika ile ile.

Hatua ya 3: Dakika 15 ndani ya kikanisa

Kwanza mtaketishwa kwenye chumba cha vioo kwa dakika kama 15, huku video ikionyeshwa. Chumba hicho kinapunguza unyevu na vumbi mnaloingia nalo mwilini na kwenye nguo, kwa sababu jasho la watu ndilo adui mkubwa wa michoro. Halafu mlango wa pili unafunguka, na mna dakika 15 nyingine za kutazama. Ni muda mfupi mno kwa kuta zilizojaa picha kutoka chini mpaka dari, kwa hiyo jipange ukiwa bado kwenye chumba cha vioo.

Kisa chenyewe ni hiki. Reginaldo Scrovegni alikuwa mkopeshaji tajiri wa Padova aliyesifika vibaya kiasi kwamba mshairi Dante alimweka jehanamu, ameketi kwenye mchanga wa moto na mfuko wa fedha umening'inia shingoni. Mwanawe Enrico alinunua kiwanja hiki mwaka 1300, akajenga jumba lake, na ubavuni mwa jumba akajenga kikanisa alichokitoa kwa Bikira Maria wa Upendo. Kiliwekwa wakfu tarehe 25 Machi 1305. Jumba lilibomolewa zamani, kikanisa kimebaki. Kwa karne nyingi watu wamesema Enrico alikuwa akilipia dhambi ya baba yake. Wapo wanahistoria wanaopinga na kusema alitaka heshima tu. Utatazama mwenyewe uamue.

Dakika mbili za kwanza usisome chochote. Inua macho kwenye dari: anga la bluu iliyoiva, limetiwa nyota za dhahabu. Ukishaizoea rangi hiyo, geuka uangalie altare ilipo, kisha anza na ukuta wa kushoto kwako, ule usio na madirisha.

Mstari wa kati, picha ya mwisho kabla ya kufika kwenye tao la altare, ni Yesu akiwafukuza wafanyabiashara hekaluni. Mkono umeinuka, ngumi imekunjwa. Tazama chini yake: mtoto mmoja ameogopa kelele, amejificha kwenye joho la mtume mmoja, na mtume amemkinga. Hakuna Injili inayomtaja mtoto huyo. Giotto alijua tu kwamba watu wazima wakigombana sokoni watoto hukimbilia nguo za mkubwa wa karibu.

Picha inayofuata iko kwenye tao lenyewe, upande huo huo wa kushoto. Yuda, kanzu ya njano, ameshapokea mfuko wa fedha. Nyuma yake amesimama shetani mweusi aliyemshika begani. Yuda hamwoni. Waliomlipa nao hawamwoni, wananong'onezana kama watu waliokubaliana bei. Fikiria maana ya kuweka picha hii mahali ambapo Enrico Scrovegni, mtoto wa mla riba, angeitazama kila alipohudhuria misa.

Sasa hamia ukuta wa kulia, mstari wa chini wa picha kubwa, utafute njano ile ile. Ni busu la Yuda. Joho lake limemfunika Yesu karibu mwili wote, mikuki na mienge imesimama juu ya vichwa kama msitu, na katikati ya ghasia nyuso mbili ziko karibu kabisa, zinatazamana machoni. Hakuna anayepepesa. Simama hapa angalau dakika mbili. Kabla ya Giotto wachoraji wa Italia walizoea kuchora watakatifu wakitutazama sisi. Hapa wanatazamana wao kwa wao, na sisi tumekuwa watu waliofika wakakuta jambo linatokea.

Vuka tena upande wa kushoto, mstari wa chini. Maiti ya Yesu imelazwa chini, mama yake amemkumbatia shingoni, amesogeza uso wake mpaka karibu na wa mwanawe. Yohana ametupa mikono nyuma. Wanawake wawili wameketi wametupa mgongo, na kwa kuwa hatuoni nyuso zao tunajikuta tumeketi nao kwenye mkeka wa msiba. Kisha nyanyua macho kwa malaika: kila mmoja analia kivyake, mwingine amejishika mashavu, mwingine amekunja mikono, mwingine anapiga kelele. Mtu aliyewahi kuwa kwenye chumba cha wanawake saa ile maiti inapotolewa haelezwi picha hii.

Chini kabisa, usawa wa kiuno, kuna sanamu zilizochorwa kwa rangi ya kijivu kama mawe: fadhila saba upande wa madirisha, na maovu saba upande wa pili, kila moja ikitazamana na kinyume chake. Tafuta jozi ya Upendo na Husuda. Upendo ni mwanamke aliyebeba kapu la matunda, anautoa moyo wake mbinguni, na miguu yake imekanyaga mifuko ya fedha. Ng'ambo yake Husuda ameubana mfuko wake mkononi, miguu inaungua motoni, na ulimi wake umekuwa nyoka aliyegeuka kumuuma macho yeye mwenyewe. Ukiwa na dakika moja tu ya kuzitazama sanamu hizi, itumie kwa hao wawili.

Dakika tatu za mwisho geuka uangalie ukuta wa mlango mkubwa, wenye Hukumu ya Mwisho. Upande wa moto, watafute walioning'inizwa kwa kamba za mifuko yao ya fedha. Hao ni wala riba. Kisha chini ya msalaba, upande wa waliobarikiwa, utamwona Enrico mwenyewe amepiga magoti, amevaa joho la zambarau, anamkabidhi Bikira Maria mfano mdogo wa kikanisa hiki hiki unachosimama ndani yake. Alichorwa akiwa hai, kwenye ukuta mmoja na wale wanaoning'inia kwa biashara iliyomtajirisha baba yake. Mwishoni alifukuzwa mjini, akafia Venezia mwaka 1336.

Neno kuhusu ufundi, kwa sababu litakusaidia kuona mengi. Mafundi wa pwani waliofanya kazi na chokaa wanajua kwamba lipu mbichi ikikauka hushika kilichopo juu yake. Ndivyo fresko inavyofanyika: fundi anapiga lipu ya eneo analoweza kulimaliza siku hiyo, anapaka rangi kabla haijakauka, na chokaa inaifungia rangi ndani. Kesho anaanza kipande kingine ubavuni. Ukitazama kwa makini utaiona mishono ya siku na siku kuzunguka vichwa na mabega. Lakini bluu ya gharama haikukubali chokaa mbichi, ikapakwa juu ya lipu iliyokauka, ndiyo maana majoho kadhaa ya Bikira Maria yamebanduka huku nyekundu na njano za jirani zikiwa imara baada ya miaka 700.

Hatua ya 4: Kanisa la Eremitani, dakika 15

Ukitoka, usiende haraka sokoni. Hatua chache tu lipo kanisa la watawa la Eremitani. Tarehe 11 Machi 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Washirika zilidondosha mabomu hapa, na kikanisa cha Ovetari, ambacho Andrea Mantegna alikichora akiwa kijana, kilisambaratika. Vipande vya rangi vimekusanywa na kurudishwa ukutani, kila kimoja mahali pake, na katikati yao pengo limeachwa wazi. Kikanisa cha Giotto kilikuwa umbali wa kutupa jiwe. Ukiingia hapa kisha ukumbuke ulichotoka kuona, utajua kilikaribia kiasi gani kupotea.

Hatua ya 5: Soko, pweza na jiwe la aibu

Tembea kusini kama dakika kumi hadi Piazza delle Erbe na Piazza della Frutta, viwanja viwili vya soko. Katikati yake limesimama Palazzo della Ragione, jumba la mahakama lililoanza kujengwa mwaka 1218. Fika kabla ya saa saba mchana, maana siku za kawaida meza za mboga huanza kukunjwa baada ya hapo. Chini ya jumba kuna korido za maduka ya nyama, jibini na samaki, na watu wanauza pale tangu zama za wajenzi.

Kwa wanaochunga halali au wasiopenda kushtukizwa: "maiale" ni nguruwe, "cavallo" ni farasi na "musso" ni punda. Hizo mbili za mwisho ni vyakula vya heshima Padova. "Sfilacci" zinazoonekana kama nyuzi nyekundu juu ya saladi ni nyama kavu ya farasi. Uliza kabla ya kuagiza, hawakasiriki.

Lakini mtu wa pwani ana chakula chake hapa. Kwenye Piazza della Frutta huwa kuna kibanda kinachouza "folpetti", pweza wadogo waliochemshwa. Muuzaji anamtoa pweza mzima kwenye sufuria, mvuke unamfunika uso, anamkata kwa kisu kifupi juu ya ubao, mkia wa kila mkono unajikunja, kisha anaweka kwenye kisahani na kumwagia mafuta ya zeituni na mchuzi wa kijani wa majani ya giligilani ya kizungu. Ukitaka pilipili, sema "piccante". Unakula umesimama, kwa kijiti, watu wamekuzunguka. Nilipokula mara ya kwanza nilimkumbuka muuza pweza wa Forodhani na kibakuli chake cha pilipili. Huyu wa Padova ni laini zaidi, yule wa kwetu ana ladha ya moto. Kibanda kikiwa hakijafunguliwa, kula tambi nene za "bigoli" au mkate wa "tramezzino", na kahawa inywe umesimama kaunta, kwa sababu ukikaa mezani bei hupanda.

Sasa panda ngazi uingie kwenye ukumbi wa juu. Ni chumba kimoja chenye urefu wa mita 81 na upana wa mita 27, hakina nguzo hata moja katikati, na paa lake limepinda kama jahazi lililogeuzwa. Giotto aliwahi kupachora, moto wa mwaka 1420 ukateketeza kazi yake, na michoro ya nyota na miezi unayoiona ni ya waliokuja baada yake. Kuna farasi mkubwa wa mbao wa mwaka 1466. Watoto watamtaka, wapige nao picha.

Wewe tafuta jiwe jeusi lililosimama pembeni kama kinu kilichofunikwa. Linaitwa jiwe la aibu. Mdaiwa aliyefilisika aliletwa hapa mbele ya watu wasiopungua mia, amevuliwa akabaki na nguo za ndani, akakalishwa mara tatu huku akitamka kwamba anaachia mali zake zote. Baada ya hapo alitoka mjini. Akirudi bila ridhaa ya wadai wake, alikalishwa tena na kumwagiwa ndoo tatu za maji kichwani.

Ukali huu ulikuwa nafuu. Kabla yake, mdaiwa alifungwa gerezani na familia ikabaki bila mtu. Mwezi Machi 1231 mji ulipitisha sheria kwamba anayetoa mali yake asifungwe kwa deni, na maandishi ya sheria yenyewe yanasema ilipitishwa kwa ombi la ndugu Antoni. Ni yule yule mtakatifu wa funguo zilizopotea. Gusa jiwe kama linaguswa siku hiyo, uone lilivyolainika.

Hatua ya 6: Saa isiyo na Mizani, na kahawa ya chumba cha kijani

Pita haraka Piazza dei Signori, uangalie mnara wa saa. Ni saa ya nyota. Ya kwanza ilitengenezwa na Jacopo Dondi mwaka 1344. Hesabu alama za nyota kwenye duara lake: Mizani haipo. Wenyeji husimulia kwamba fundi hakulipwa alichoahidiwa, akaiacha Mizani nje kuwaambia wakubwa kwamba hawana haki. Wataalamu wana maelezo mengine yanayotokana na falaki ya kale. Kwa siku ya kufuata madeni, mimi nabaki na simulizi la wenyeji.

Dakika tano kutoka hapo upo mkahawa wa Pedrocchi wa mwaka 1831. Una vyumba vya rangi tatu za bendera, na chumba cha kijani kwa desturi ni cha mtu yeyote kukaa, kusoma, kupumzika, bila kulazimishwa kununua. Wanafunzi wasio na hela wamekitumia vizazi na vizazi. Pumzisha miguu.

Ng'ambo yake ndipo kilipo chuo kikuu cha mwaka 1222, alikofundisha Galileo kati ya 1592 na 1610 na ambako Elena Cornaro Piscopia alipata shahada ya uzamivu ya falsafa mwaka 1678, mwanamke wa kwanza anayejulikana kuipata. Huingiwa kwa ziara ya mwongozaji tu. Ukipenda historia ya udaktari, kata tiketi mapema uone ukumbi wa kupasulia maiti wa mwaka 1595. Mila ya udaktari ya mji huu imefika mpaka kwetu: shirika la Cuamm, lililoanzishwa hapa mwaka 1950, ndilo ambalo madaktari wake wamefanya kazi miaka mingi hospitali ya Tosamaganga, Iringa.

Hatua ya 7: Kwa Antoni

Kuanzia saa tisa alasiri, elekea kusini kwenye Basilika. Wenyeji hawataji jina, wanasema "il Santo", Mtakatifu, basi. Kuingia ni bure. Funga kanga, zima simu, na usipige picha ndani.

Nje kabla hujaingia kuna sanamu ya shaba ya mwanajeshi Gattamelata juu ya farasi, kazi ya mchongaji Donatello ya mwaka 1453. Tazama farasi kuliko mpanda farasi: mshipa umetokeza shavuni, guu moja la mbele limetua juu ya mpira.

Antoni alizaliwa Lisbon mwaka 1195 na kufa karibu na Padova tarehe 13 Juni 1231, miezi mitatu tu baada ya ile sheria ya madeni. Alitangazwa mtakatifu kabla ya mwaka mmoja kupita tangu afe, na ujenzi ukaanza 1232. Ingia, fuata watu upande wa kushoto mpaka kwenye kikanisa cha kaburi chenye marumaru nyeupe. Foleni inapita nyuma ya altare, na kila mtu anaweka kiganja kwenye jiwe la kaburi. Pembeni zimebandikwa picha za familia: mtoto mchanga kwenye mashine ya hospitali, gari lililopondeka, bibi na bwana harusi. Siku niliyokuwa pale mama mmoja mzee mbele yangu aliegemeza paji la uso pia, akakaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Ukitoka kwenye foleni, tazama kuta za marumaru zinazosimulia miujiza. Tafuta ile ya Tullio Lombardo ya moyo wa bahili. Tajiri mmoja amekufa, Antoni akasema moyo wake haumo kifuani, uko kwenye sanduku lake la fedha; wakapasua, kifua kikakutwa kitupu, sanduku likafunguliwa, moyo ukawamo. Donatello naye aliusimulia muujiza huo huo kwa shaba kwenye altare kuu, na kazi yake ina watu wengi zaidi na vurugu zaidi, lakini iko mbali nyuma ya uzio. Ukiwa na darubini ndogo, ilete. Usipokuwa nayo, ya marumaru itakutosha.

Nyuma ya altare kuu ni kikanisa cha masalia. Humo umehifadhiwa ulimi wa Antoni, uliokutwa haujaoza kaburi lilipofunguliwa mwaka 1263. Wapo wanaogeuza macho. Mimi, nikitoka kwenye jiwe la aibu, niliutazama kama kiungo kilichoomba watu wasifungwe kwa deni.

Hatua ya 8: Saa ya mwisho

Kama jua bado lipo, chagua kimoja. Bustani ya mimea iko nyuma tu ya Basilika. Ilianzishwa mwaka 1545 na ina mti wa jamii ya mnazi uliopandwa 1585. Prospero Alpini, aliyeisimamia tangu 1603, ndiye daktari aliyewaandikia Wazungu mwaka 1592 habari za kahawa na za tunda la mbuyu alizokutana nazo Misri. Hufungwa mapema majira ya baridi, angalia saa.

Ukiwa umechoka, nenda Prato della Valle, uwanja mkubwa wa mviringo wenye mfereji na sanamu 78. Keti ukingoni, vua viatu. Wanafunzi watakuwa wameshajaa nyasini. Jioni ikiingia, kituo cha tramu kiko pale pale uwanjani na inakurudisha mpaka stesheni kwa dakika kama kumi na tano. Treni za Venezia zinaendelea mpaka usiku. Gonga tiketi kabla ya kupanda.